Nilimpiga Jirani Judo, Akaanguka Dada

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifutia kioo cha dirisha kabla ya kunisoma, usijali, hukukosa ushindi wowote.

Mimi ni yule mdogo wa mwenye duka la udobi pale kwenye kona. Niliacha chuo mwaka wa mwisho, nikisomea mambo ya masoko, na mtaa mzima ukanibatiza Profesa Nusu. Dada akanipokea, akanipa kazi ya kumtafutia wateja. Nikamtafutia. Mnakumbuka yale matangazo niliyobandika mpaka kwenye gari la polisi, na dada akaenda kunitoa.

Halafu ng'ambo ya barabara akafungua duka jamaa mmoja mpole, mwenye mashine za kisasa, milango ya vioo na spika inayoimba kutwa. Tukamwita Bwana Povu. Mara ya mwisho mliniacha nimelala chali kwenye ukumbi wa judo, namtazama mwalimu wangu kutoka chini, na wazo jipya limeniingia kichwani kwa njia ya kisogo.

Wazo lenyewe ndilo hili, na ole wangu.

Mwalimu wangu wa judo tunamwita Godoro. Mchana anashona magodoro, jioni anasukuma vitambaa pembeni, anatandika mikeka aliyoishona mwenyewe, na karakana inakuwa ukumbi. Tulipatana: yeye anifundishe judo, mimi nimletee wanafunzi. Mpaka leo mwanafunzi ni mimi.

Alitaka masomo ya mwanzo yawe ya kuanguka tu. Kidevu kifuani, mkono upige mkeka, usijishike. Nikamwambia nimekuja kujifunza kuangusha. Kuanguka nimekufanya tangu utotoni bila mwalimu, na sijawahi kufeli.

Akasema sawa, akaniambia nimsukume. Nikamsukuma. Hakunisukuma. Alinivuta kidogo tu, nikaenda mwenyewe kama gunia lililoachwa mlimani.

"Umeona?" akasema. "Mtu akikusukuma, mvute. Uzito wake ndio utakaomwangusha."

Nikaamka na duka la dada kichwani.

Bwana Povu alikuwa anatusukuma vipi? Kwa ofa. Wiki yote ya ufunguzi, mfuko wa kwanza wa kila mtu anafua bure. Chuoni tulifundishwa kwamba jirani akishusha bei, na wewe ushushe. Somo hilo nalikumbuka kwa sababu siku hiyo nilikuwa macho. Lakini huko ni kusukumana, na mnyonge akisukumana na mwenye nguvu kila mtu anajua nani ataokota meno.

Sisi tutamvuta.

Nilimweleza dada akiwa kwenye meza ya kupigia pasi, ananyunyizia maji shati la mtu. Nikamwambia anisukume, nimwonyeshe. Dada ana mikono ya miaka mingi ya kukamua mablanketi. Alinisukuma, nikaingia kwenye kapu la soksi, miguu ikabaki nje.

Nikamwambia kutoka humo humo kwamba hilo lilikuwa jaribio.

Hakucheka. Aliweka pasi wima, akauliza kesho afanye nini hasa. Nikamwambia kesho hatupokei nguo ya mtu. Kila anayekuja tunampeleka kwa Povu. Mablanketi, mazulia, ovaroli za gereji, kila uchafu wa mtaa huu. Si anafua bure? Tutamletea mpaka mashine zipige magoti. Nguo zichelewe, zichanganyikane, watu wapandwe na hasira, wote warudi kwetu.

Akalikunja lile shati, akaliweka pembeni.

"Mdogo wangu," akasema, "hili duka likifa, mimi narudi kufua kwenye nyua za watu. Unalijua hilo?"

"Nalijua, dada."

"Basi sawa. Wewe ndiye uliyesoma."

Hapo ndipo penye ubaya. Dada hamwamini mganga, hamwamini fundi umeme, hata mizani ya sokoni anainamia kuikagua. Mimi ananiamini. Mpaka leo wateja wakimuuliza, anawaambia mdogo wangu bado yuko chuo, amekuja likizo. Likizo yangu sasa ina ndevu.

Nilikuwa sina wasiwasi hata chembe, maana mteja mmoja tulikuwa naye hata dunia ipinduke. Hoteli. Ile ya mwisho wa barabara, yenye ngazi za marumaru. Mashuka yao, vitambaa vya meza, makoti ya wapishi, vyote vyeupe, vilikuja kwa dada tangu anafua kwa beseni. Aliyevileta ni msimamizi wao, mama mmoja mnyoofu kama mti wa bendera, sisi tunamwita Mama Mashuka. Wateja wengine wote wakituhama, hoteli peke yake ingetosha kutuweka mjini.

Asubuhi nikaweka ubao mlangoni: LEO HATUFUI. NENDA KWA JIRANI, NI BURE.

Watu walidhani nimechanganyikiwa. Mmoja alinigusa paji la uso. Lakini neno bure halihitaji dalali, na mimi niliwasaidia hata kubeba. Nilivusha mapazia ya ukumbi wa harusi. Nilivusha blanketi la mzee mmoja ambalo mbwa alikuwa anatoka nalo, wote wawili hawataki kuachana. Nilivusha soksi za timu ya mpira zilizokuwa zinasimama zenyewe bila mguu ndani.

Bwana Povu alinipokea kila safari kwa mikono miwili. Akaniambia hajawahi kuona majirani wenye roho kama sisi.

Siku ya pili alianza kuyumba.

Mashine zilikuwa zinafua vizuri, shida ilikuwa baada ya hapo. Nguo zilitoka zimelowa, hakuna pa kuziweka. Ile mashine yake ya kukaushia ni moja, nayo ilikula umeme mpaka taa za chumba zikawa zinakonyeza. Akaanika kwenye nondo za madirisha. Akaanika kwenye bango la duka lake. Akaanika juu ya spika, ikawa inaimba kama mtu mwenye mafua. Nje watu wamejaa, kila mmoja anauliza suruali yake, na povu linatoka chini ya mlango wa kioo linavuka barabara kuja kutusalimia.

Mimi nimekaa mlangoni na kikombe cha chai, namtangazia dada mchezo mzima. Anayumba. Anashika meza. Kapteni wa timu ameingia, anataka soksi.

Dada alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka hivyo, kwa mabega. Akasema kumbe chuo kinafundisha.

Sikumrekebisha.

Ningeishia hapo, leo msingekuwa na cha kusoma. Lakini jioni ile nilikwenda mazoezini, Godoro akanifundisha jambo la pili: kuzoa mguu. Ukiupiga mguu uliosimama imara, utajiumiza bure. Usubiri mtu anahamisha uzito, mguu wake unakaribia kugusa chini, hapo ndipo unaupangusa. Akaniangusha mara kadhaa nipate picha.

Nikiwa pale chini niliangalia nguo zake za judo. Za wenzake duniani ni nyeupe. Zake ni za waridi. Nikamuuliza, akaniambia kwa aibu kwamba alizifua siku moja pamoja na kitambaa chekundu cha magodoro. Kitambaa hicho ni rahisi na rangi yake haijakaa, kikiona maji tu kinatapika.

Nilimwomba kipande. Akanipa bila kuuliza. Mtu wa mikeka hana wasiwasi.

Kesho yake nikavuka barabara na mfuko wangu kama mteja mwingine. Bwana Povu alikuwa kwenye kaunta anabishana na kapteni. Pembeni mtungi wa mashine kubwa uko wazi, umejaa vitu vyeupe, unangoja kufungwa. Vyeupe vya nani sikuuliza. Nilijifanya nainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Kile kitambaa kikaingia katikati ya vyeupe kama kisu kwenye siagi.

Nilirudi kwetu napiga mluzi. Nilisimama mlangoni nikaangalia lile dirisha la mviringo la mashine yake kutoka ng'ambo. Likazunguka jeupe. Likazunguka jeupe. Likaanza kuona haya.

Nikasema moyoni, mguu huo, nimeuzoa.

Asubuhi iliyofuata Mama Mashuka alikuja kwetu na gari la hoteli kuchukua vitu vyake. Dada akamwambia asubiri kidogo, vinakuja. Nikaangalia rafu ya hoteli. Tupu. Nikaangalia uani kwenye kamba. Kamba zinacheza na upepo peke yake.

Nikamvuta dada pembeni, nikamuuliza mashuka yako wapi. Akaniinamia sikioni, uso unamng'aa kama mtoto aliyeficha zawadi.

"Nimeyapeleka kule. Si ulisema kila kitu? Nilipoona juzi anayumba, jioni ukiwa mazoezini nikasema ngoja nimmalizie. Uzito wa hoteli nzima, atasimama kweli?"

Kuna jasho la joto, kuna jasho la homa, na kuna jasho moja la tatu ambalo sikulijua mpaka siku hiyo.

Nilitaka kumwambia asivuke. Dada akavuka barabara anatembea kwa madaha, akaingia kwenye milango ya vioo, akatoka amebeba kifurushi, na alipofika katikati ya barabara akakifungua pembeni achungulie.

Alisimama pale pale. Gari likapiga honi. Likapiga tena. Dereva akatoa kichwa, akaona anachokitazama, akazunguka polepole.

Yalikuwa na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Mashuka, vitambaa vya meza, makoti ya wapishi. Yote.

Mama Mashuka si mtu wa kelele, na ningempa chochote apige kelele. Aliyashika kwa vidole viwili, akauliza kama ndiyo yake. Dada akasema ndiyo. Akauliza yamefuliwa wapi. Dada akamwambia ukweli, kwa jirani.

"Mimi sikumpa jirani," Mama Mashuka akasema. "Nilikupa wewe."

"Kosa ni langu," dada akasema.

Hivyo tu. Hakumtaja Povu, hakunitaja mimi, wala hakutafuta kisingizio. Mama Mashuka akamwambia atarudi jioni. Akikuta nyeupe, mambo yataendelea. Akikuta hivi, atatafuta mtu mwingine, na atakayemuuliza sababu atamwambia.

Tuliwasha moto uani. Tulichemsha, tukatia dawa ya kung'arishia, tukasugua, tukasuuza, tukachemsha tena. Waridi ikafifia mahali, ikagoma mahali, shuka likawa kama ngozi ya mtu mwenye ukurutu. Vidole vya dada vilianza kumenyeka. Nilimwambia apumzike, akasema akipumzika atafikiri.

Halafu, bila kuinua uso kwenye beseni, akaniuliza.

"Hebu nieleze, wewe umesoma. Nilikosea wapi? Uliposema kila kitu, hukumaanisha hoteli?"

Wasomaji wangu, nimewahi kumfungia mhadhiri ndani ya choo. Nimewahi kuwaambia wasichana wa bweni zima kwamba mtihani umeahirishwa. Sijawahi kukosa jibu la kumwambia mtu. Pale jibu langu likawa ndoo. Nikasema naenda kuongeza maji, nikatoka na ndoo, ndoo nikaiacha getini, nikaenda moja kwa moja kwa Godoro.

Godoro alikuwa anashona. Nilimweleza yote, mpaka kitambaa. Alisikiliza sindano ikiwa mdomoni. Nilipofika kwenye mashuka ya hoteli alianza kutikisika, nikadhani amehuzunika, kumbe anacheka, ikabidi aitoe sindano asiimeze.

Akaomba radhi. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayefikiri, kama mbinu hiyo inaweza kumfaa yeye pia, maana kuna ukumbi wa karate pale juu ya duka la vioo unamchukulia watoto wote.

Nikamwambia dada yangu anachubuka vidole sasa hivi.

Akatulia. Akanipa ushauri, na naomba mkumbuke kwamba ni yeye aliyenipa. Alisema nimfuate Povu nimweleze ukweli. Nimwombe yeye aseme mbele ya yule mama kwamba mashine yake ndiyo iliyokosea. Mtu mpole, akasema, ukimjia kipole hawezi kukutupa.

Nikaenda.

Bwana Povu alikuwa peke yake, anakunja mablanketi. Nilimwambia nina neno. Akaenda kuzima spika. Kumbe mtaa wetu una sauti zake, sikuwahi kuzisikia tangu afungue.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliendelea kukunja blanketi mpaka pembe zikakutana sawasawa.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mimi nimeita fundi tangu asubuhi aje aangalie mashine."

Nikamwomba. Nikamwita kaka. Nikamwambia dada hana habari, dada hakukosea kitu, amwokoe kwa maneno machache tu mbele ya Mama Mashuka, na mimi nitamfanyia kazi yoyote anayotaka.

"Nitasema ni mimi," akajibu. "Na mashuka mapya nitayanunua mimi. Dada yako hatalaumiwa."

Machozi yalinilenga. Nikaanza kumshukuru.

"Usinishukuru bado."

Alinishika ukosi wa shati. Hakunikaba. Aliunyoosha kama vile mjomba anavyomnyoosha kijana anayekwenda kuomba kazi. Akaunyoosha upande huu, akaunyoosha upande ule, na hakuuachia.

"Umekaa mlangoni siku zote hizi unanitazama. Shida yangu umeiona?"

Nikasema wateja wengi.

"Pa kuanika," akasema. "Mimi sina pa kuanika. Ninyi nyuma pale mna uwanja, jua kutwa, kamba zimefungwa tayari. Nilimwomba mwenye nyumba kabla hata sijafungua. Akasema mpaka dada yako aondoke kwa hiari yake."

Ule uwanja. Nimepita pale kila siku kwenda kuoga. Jamaa anaanika soksi juu ya spika, na sisi tuna kamba tupu ng'ambo ya barabara, ningemkodisha tu, angekuja kutupigia magoti na angetulisha mpaka leo. Nilimbebea uchafu wa mtaa mzima kwa mikono yangu, na kitu cha kumshikia nilikuwa nacho nyuma ya nyumba.

Mwaka wa mwisho wa masoko, ndugu zangu.

"Jioni nitamwomba aniachie duka," akaendelea, bado ukosi uko mkononi. "Nimemsoma dada yako. Hatanijibu mimi, atakuuliza wewe. Utajua cha kusema."

"Na nisiposema?"

"Nitamwambia mashuka yake yaliharibiwa na nani." Akanivuta kidogo, kidogo tu. "Sitaki kumwambia. Anakupenda sana yule."

Huyu mtu hajawahi kukanyaga mkeka maishani mwake.

Jioni Mama Mashuka alikuja. Dada alikuwa ameyapanga yale mashuka mezani, amepiga pasi kila moja, yamenyooka vizuri na bado yana madoa ya waridi. Alisimama mbele yake mikono nyuma, kwa sababu ya vidole. Kabla yule mama hajafungua mdomo, Bwana Povu akaingia amebeba mashuka mapya kwenye mifuko yake ya nailoni.

Alisema ni kosa lake. Alisema dada alimwamini kama jirani na yeye akamwangusha, kulikuwa na kitambaa kimebaki kwenye mashine na hakukiangalia, na hawezi kulala usingizi mwanamke mwenye jina safi akilaumiwa kwa ajili yake. Alisema vizuri mpaka mimi ninayejua nikaanza kumsikitikia.

Mama Mashuka alipapasa yale mapya. Akamgeukia Povu.

"Siku hizi mtu anayekubali kosa lake hapatikani," akasema. Halafu akamgeukia dada, na sauti ikashuka. "Mama, wewe ulinipelekea vitu vyangu kwa mtu mwingine bila kuniambia. Huyu amekosea, amekuja na dawa mkononi. Kuanzia kesho nitampelekea yeye. Usinichukie."

Dada akasema hamchukii. Akamsaidia kubeba mpaka kwenye gari. Mashuka mapya, na hoteli nzima juu yake, vikaondoka mbele ya macho yangu.

Nilimtazama Povu. Nilitegemea nimwone ana kicheko pembeni ya mdomo, angalau nimchukie vizuri. Hakuwa nacho. Na yeye alikuwa ameshangaa. Alikuja kuinama kidogo tu apate uwanja, akapewa hoteli pia.

Dada aliporudi, Povu alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, magoti pamoja. Akaongea polepole. Alimwambia anaona hali ilivyo. Hoteli imekwenda, wateja wa kawaida wameshazoea kwake, na yeye hataki kumwona jirani anahangaika. Amwachie chumba na uwanja. Kazi atampa hapo hapo, ya kuanika na kuanua, kwenye kamba zile zile, na hatahitaji tena kuumiza kichwa na wateja. Hakuna haraka, akasema, afikirie.

Dada hakumtazama hata mara moja wakati anaongea. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mdogo wangu," akasema. "Mimi kichwa changu leo hakifanyi kazi. Niache au nisiache?"

Povu aliangalia viatu vyake.

Nilipiga hesabu zote anazoweza kupiga mtu aliyekaliwa kifuani. Nikisema asiache, nitakuwa na duka lisilo na mteja, na dada anayejua nani amemmaliza. Nikisema aache, atakuwa kibarua kwenye uwanja wa mtu mwingine, kama alivyoogopa, ila tu uwanja wenyewe ulikuwa wake. Nilitafuta utani. Siku zote huwa kuna utani mahali fulani, nyuma ya meza, chini ya kapu. Nilitafuta sana.

"Mwachie," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, nikatamani isimfikie.

Dada alijipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, kwa sababu vilikuwa vinamuuma. Povu akaanza kuinuka kwenye benchi. Dada akamwonyesha kwa kiganja akae. Halafu akaizunguka meza ya pasi, akanijia karibu mpaka nikasikia harufu ya ile dawa ya kung'arishia.

"Ulijibu haraka mno," akasema. "Hukuuliza hata swali moja, na wewe kwa kawaida una maswali hata kwa chumvi. Niangalie usoni. Halafu urudie."